Mwezi wa Vibuyu

Kila siku ya kwanza ya mwezi nilipanda juu ya sanduku la mbao, nikafuta ubao uliokuwa mlangoni, nikaandika kwa chaki kitakachoonyeshwa. MWEZI HUU: VIKAPU. MWEZI HUU: VITI VYA WAZEE. MWEZI HUU: PICHA ZA WATOTO WA SHULE. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndio ulionipa kazi, na ndio ulionitia kiburi kilichokaribia kunitenga na mama yangu mzazi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo sisi sote tuliiita Imajensi. Kutoka kijiji kimoja kwenda kingine ulihitaji pasi. Watu wa kwetu, upande wa Githongo, walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao na kurundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki. Lakini mjini Meru, katika chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, mke wa afisa mmoja alikuwa amefungua nyumba ya sanaa. Memsaab huyu alisomea uchoraji kwao, na aliamini kwamba kikapu cha kubebea viazi kina uzuri sawa na picha ya mfalme. Sisi tulimwona ana kichaa kidogo, kile kisichodhuru mtu. Mshahara ulikuja kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo mimi niliamini pia.

Kazi yangu ilikuwa kupokea vitu, kuvipanga mezani, kuviandikia kadi, na kuwaambia watu wasiguse. Hili la mwisho lilikuwa gumu. Wanawake waliokuja sokoni waliingia kucheka tu. Waliona kikapu kimelazwa juu ya kitambaa cheupe kama mgonjwa wa hospitali, wakashikana mabega, wakacheka mpaka wakatafuta mahali pa kukaa. Halafu wakakiinua, wakakipindua, wakaniambia mwenye kusuka hiki alikuwa mvivu wa kukaza. Nilikuwa nawafokea. Nina hasira za karibu tangu utotoni, na kadi zangu nilizipenda kuliko watu.

Mgeni wangu wa kudumu alikuwa mchinjaji mmoja wa mtaa wa Majengo, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka Unyamwezi na bibi yake alikuwa Mmeru wa hapa hapa. Nilipanga chumba nyumbani kwake. Kila mwezi alifunga bucha mapema siku moja, akavaa kanzu safi, akaja kuona.

"Karani," aliniambia safari moja, "mwezi uliopita nimesimama mbele ya kiti saa nzima. Hakuna mtu hata mmoja aliniambia karibu kiti."

Basi ukafika mwezi wa vibuyu. Memsaab alikuwa amezunguka na gari lake akakusanya. Kutoka Siakago alileta vibuyu vyepesi vya maji, vya rangi ya asali, vimeshonwa kwa kamba mahali vilipopasuka. Kutoka Mikinduri alileta kimoja kikubwa cha pombe, shingo ndefu, kimevalishwa ngozi. Kutoka Embu vilikuja vidogo vidogo vya mafuta na vya tumbaku. Aliviweka chini, akavizunguka, akakunja uso.

"Hapana tosha," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka moja mzee kabisa. Nyeusi. Ile ya mama ya zamani."

Mdomo wangu ukasema kabla sijauuliza: "Mama yangu anacho."

Kilikuwa kibuyu cha uji, ule uji mchachu wa wimbi na mtama ambao kwetu tunauita ucuru. Mama alikipata kwa mamake siku alipoolewa, na mamake alikipata vivyo hivyo. Nje kilikuwa cheusi na kinang'aa kwa mikono ya miaka mingi. Siku tuliyohamishwa, tulipewa asubuhi moja ya kubeba tunachoweza. Jirani zetu walibeba magodoro na mabati. Mama alibeba kibuyu kikiwa kimejaa, akakikumbatia njia nzima, na mimi nilimwonea aibu.

Nilikwenda na pasi, nikamkuta mama na mke wangu kwenye kibanda chao kijijini. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, imefika juu, bado kama mwezi mmoja hivi. Aliishi na mama kwa sababu kwetu mimba ya kwanza haiachwi Majengo na mwanamume anayeandika kadi. Nilieleza. Mama alinisikiliza huku akipepeta mtama.

"Watu watakuja kukiangalia tu?"

"Kukiangalia tu, mama."

"Hawatakunywa kitu?"

"Hawatakunywa."

Akafikiri jambo hilo, akatikisa kichwa kwa huruma, sijui aliwahurumia Wazungu au alinihurumia mimi. Kisha akasema, "Kirudi kabla ya mtoto."

Hilo lilikuwa jambo zito, na nilijua uzito wake. Kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wenzake humwendea na vibuyu vya uji, wa kumrudishia damu na kumletea maziwa. Wa kwanza kumpa ni mama mkwe. Tena mtoto akiwa msichana, huyo wa kwanza, huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hiyo nyanya anapokuja na uji anakuja kujiona mwenyewe. Mama alikuwa ameshaamua kwamba ni msichana. Uji wa siku hiyo alikuwa ameutia moyoni tangu mimba ilipoonekana, na katika miaka ile hakuwa na mengi mengine ya kutia moyoni. Kaka yangu mkubwa alikuwa kizuizini mwaka wa pili.

Aliumimina uji kwenye sufuria, unywewe siku hiyo hiyo, akanipa kibuyu kikiwa na masalio yake chini, kizibo juu. Hakuniambia neno lolote kuhusu kukitunza. Nani angemwambia mtu wa kwao kitu kama hicho? Ni kama kumwambia mtu asimpike kuku na manyoya.

Sasa nisikilize ujinga wangu. Siku mbili kabla ya kufungua, memsaab alisema atakuja na wake za maafisa wengine, mpaka kutoka Embu. Chumba kilikuwa na joto la bati. Niliingia asubuhi nikanusa. Harufu ilitoka kwenye kibuyu cha mama: moshi, uchachu, na kitu kingine cha ndani zaidi, harufu ya jikoni kwetu nilikozaliwa. Miaka minne shule ya misheni ilikuwa imenifundisha kwamba harufu hiyo ni uchafu. Tulikaguliwa kucha, masikio na shingo. Nilikuwa mtu wa kola nyeupe. Nikawaona akilini wale wanawake wakiziba pua mbele ya kadi yangu iliyoandikwa MERU, na uso ukanichoma.

Hakuna aliyenituma. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu miaka mingi nilipenda kusimulia kana kwamba memsaab aliniamuru. Nilichemsha maji mwenyewe. Nikachukua sabuni ya kipande na brashi ya katani yenye mpini mrefu, nikakisugua kibuyu ndani na nje. Maji yakatoka meusi. Nikarudia mpaka yakatoka meupe, nikakianika juani, nikaridhika sana na nafsi yangu.

Siku ya kufungua ilikwenda vizuri ajabu. Wanawake wa Kizungu walikipapasa kibuyu cha mama, wakasema maneno matamu. Memsaab alinishika mkono mbele za watu. Mchinjaji alikuja na kanzu yake, akainama juu ya meza, akavuta pua.

"Hii imekogeshwa kwenda wapi? Harusi?"

Nikacheka naye. Sikuelewa.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja wa Imenti, wa upande wetu, mzigo wa ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akapita vibuyu vya Siakago, akapita kile cha Mikinduri, akasimama kwenye cheusi. Kabla sijamwambia asiguse alikwisha toa kizibo akatia pua. Akaitoa haraka. Akanusa tena, polepole, kama mtu anayetafuta alichopoteza. Kisha akaniangalia.

"Nani amekiua?"

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Uji wa kwetu haupikwi ukachacha wenyewe. Unachachishwa na kibuyu. Chachu inakaa kwenye kuta zake, imelala humo na moshi wa mti, na mwanamke haimalizi kamwe: anamimina, anabakisha kidogo, anajaza tena. Ile niliyoisugua kwa katani ilikuwa imetoka kwa nyanya ya mama, na pengine mbele yake. Haikuwahi kukatika hata siku ya kuhamishwa. Mama hakukumbatia chombo siku ile. Alikumbatia kilichokuwa ndani. Mimi mwenye mwandiko mzuri nilikuwa nimekimwaga nyuma ya stoo ya mbegu.

Nilimwambia memsaab. Alishika mdomo, maskini, macho yakajaa maji. Halafu akasema atanunua kibuyu kingine kipya, kikubwa. Alikuwa mtu mwema, lakini sikuweza kumweleza.

Jioni nilikaa kwenye ngazi za mchinjaji bila kula. Nilimwambia kwamba nimefikiria kukirudisha tu, nikae kimya, uji ukikataa kuchacha mama aseme ni mtama mbaya.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Mke wangu ana mimba tayari."

"Basi hiyo ndio utaficha wapi? Enda mwambie mama yako. Tena wewe mwenyewe, si kwa barua. Najua unapenda kuandika."

Nikaenda. Mama alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akatoa kizibo, akanusa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na Mungu anajua ningezipokea kwa furaha. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kigoda na kibuyu mapajani, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa kibuyu, akakitazama kile kidole kilivyotoka kikavu.

"Nilikiosha," nikasema. "Kwa sabuni. Niliona aibu wageni wakisikia harufu."

"Harufu yangu," akasema mama.

Sijawahi kuambiwa neno lililoniuma kama lile, na nimetukanwa na watu wengi.

Ni mke wangu aliyeongea, pale alipokuwa ameegemea ukuta na tumbo lake. Yeye huzungumza mara chache, lakini akizungumza ameshafika. "Na kwa mama mdogo?"

Mama akainuka akageuza kuni ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Mama mdogo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya pili ya mto. Alipoolewa, nyanya alimpa naye kibuyu, akakitilia chachu kutoka kwenye kile kile cha ukoo. Kwa hiyo uji wa mama ulikuwa bado hai, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Lakini mume wa mama mdogo alikuwa homgadi, askari wa kijiji upande wa serikali, na siku kaka yangu alipokamatwa huyu alikuwepo na mkuki wake. Mama aliamini ndiye aliyemwonyesha kwa askari. Sikujua kama ni kweli, na mpaka leo sijui. Kaka mwenyewe aliporudi baadaye hakulisemea. Tangu siku ile ndugu wawili hawa hawakuonana wala kutumiana salamu.

"Nitakwenda mimi," nikasema. "Kosa ni langu."

Mama akanitazama kama vile nimesema nitazaa mimi. Chachu haiombwi na mwanamume, wala haitumiwi mtoto. Mwenye kibuyu huja mwenyewe, amekibeba kikiwa kitupu, na kwetu mtu haendi kwa ndugu yake na chombo kitupu ila awe amenyenyekea kabisa. Nilikuwa nimemwekea mama mlima huo mbele yake, na nisingeweza kumbebea hata jiwe moja.

Alikaa siku nne. Nilirudi kazini nikaambiwa hayo na mke wangu baadaye. Siku ya kwanza hakufanya kitu. Siku ya pili akatafuta kijiti cha mzeituni wa porini, akakichoma mpaka kikawa kaa jekundu, akaanza kukisugua ndani ya kibuyu, taratibu, mpaka moshi ukashika kuta. Akarudia siku ya tatu na ya nne. Mke wangu alipomuuliza anakitengenezea nini wakati hana cha kutia, alijibu kwamba chombo hakilali uchi.

Jumamosi nilipofika alikuwa amevaa leso yake nzuri. "Nitafutie pasi," akasema.

Tulivuka mto asubuhi. Mama alitembea mbele na kibuyu mgongoni. Kwenye daraja la handaki la kijiji cha pili tukamkuta mlinzi amesimama, na mlinzi alikuwa yeye, mume wa mama mdogo.

Nikampa pasi. Aliisoma muda mrefu sana kwa mtu asiyejua kusoma. Amri ilikuwa kwamba kila chombo cha mwanamke kikaguliwe, kwa sababu ya chakula kilichokuwa kikipelekwa kwa wapiganaji msituni. Akanyosha mkono. Mama akampa kibuyu bila kumtazama. Akafungua, akaangalia ndani, akanusa, na nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa mume wa nyumba yenye uji ule ule. Alijua kibuyu kitupu kinasema nini. Alikirudisha kwa mikono miwili. Akageuka akaita kwa sauti kubwa kuelekea vibandani:

"Dada yako yuko hapa!"

Mama mdogo alitoka na unga mikononi. Hakusalimia. Alimtazama mama, akakitazama kibuyu, akakichukua kutoka mgongoni mwake akaingia nacho ndani. Sisi tukamfuata. Kule gizani nikasikia uji ukimiminwa, na ile sauti iliendelea kuliko nilivyotazamia. Chachu inayotosha ni kikombe kimoja. Yeye alikijaza cha dada yake, akajibakishia hicho kikombe.

Walikaa kwenye ngozi moja.

"Kilipatwa na nini?" akauliza mama mdogo.

Mama akaninyoshea kidole. "Msomi huyu. Alikiosha na sabuni."

"Na sabuni?"

"Na brashi."

Mama mdogo alianza kucheka chini chini, akajizuia, akashindwa. Mama akamwangalia kwa hasira, kisha naye mabega yakaanza kutikisika. Walicheka mpaka wakalia, wakashikana, wakaulizana tena, na brashi? na brashi!, wakaanza upya. Nilikaa pale nikichekwa, na sijawahi kuwa na furaha kubwa namna ile katika maisha yangu. Mama mdogo alipofuta macho aliuliza, sauti chini, "Mtoto wetu ameandika barua kutoka kizuizini?"

"Ameandika. Yu mzima."

Mezani mjini palibaki pengo. Memsaab aliuliza kibuyu kitarudi lini. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, na nadhani safari hii alielewa, maana hakutaja tena kununua kingine. Nikachukua kadi mpya, nikaandika: KIBUYU CHA UJI, IMENTI. HAKIPO. KIKO KAZINI. Tuliiacha pale mpaka mwisho wa mwezi. Wanawake wa sokoni walipotafsiriwa kadi ile hawakucheka; mmoja alisema hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana alichokiona mle ndani. Mchinjaji alisimama mbele ya pengo lile kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kiti.

Mtoto alizaliwa wiki ile ya mwisho, mchana, na alikuwa msichana. Niliporuhusiwa kuingia, mama alikuwa ameshamnywesha mke wangu kikombe cha kwanza. Mke wangu alifumba jicho moja kwa uchachu, akasema, "Huu ndio." Mama alimshika mtoto akamtazama usoni, akamwita kwa jina lake mwenyewe, mara mbili. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mdogo alikuwepo miongoni mwao, amekuja na kibuyu chake.

Baada ya kunywa, mama mdogo alijaza kikombe akaelekea nacho mlangoni. Mama akamuuliza anampelekea nani.

"Alinisindikiza," akasema mama mdogo. "Yuko nje. Hakutaka kuingia."

Niliona nje, kupitia mlango, mtu amesimama juani karibu na ua, kofia ya homgadi mkononi. Mama alikuwa bado amempakata mtoto. Alikaa hivyo, akimrekebisha nguo ambayo haikuwa imelegea, na nilijua anamfikiria kaka yangu, kwa sababu mimi pia nilikuwa namfikiria.

"Uji wa mtoto haunywewi nje," akasema mwishowe. "Mwite."

Aliingia ameinama, akakaa karibu na mlango. Mama hakumsalimia. Alimpa mke wangu mtoto, akachukua kikombe kutoka mkononi mwa dada yake, akampa mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Yule mtu akanywa wote bila kupumua, macho yakiwa chini. Alipokinyosha kikombe kurudisha, mama alikishika, na kwa kitambo hakuna aliyekiachia. Kisha mama akakijaza tena.